Babu yake alikaa nyasini

Jumanne, Satwa, Dubai

Picha aliyoipiga Hamisi wangu ndiyo itakayotangaza treni mpya ya Dubai. Wapiga picha wote hawa, wamemchagua niliyemzaa mimi.

Nimemkumbuka baba. Kule Korogwe tulikuwa na kalenda ya reli, treni inapita chini ya milima ya Usambara, wageni waione watamani kusafiri. Baba na wenzake ndio waliotengeneza njia ile, lakini mpiga picha aliwaambia wakae nyasini, wasionekane. Baba akituonyesha kwa kidole, "Mimi niko hapa, nyuma ya majani haya." Tulicheka. Yeye hakucheka sana.

Jirani yangu Mama Zuhura kanichoma leo: "Shoga, treni yenyewe haina hata dereva." Nimemwacha na wivu wake.

Kilichonitia hofu ni kingine. Nimempigia Hamisi, "Mafundi walioijenga njia umewaficha?"

"Wamo, mama. Wako mbele kabisa, na kofia zao. Mabosi walitaka niwatoe, nikakataa, mwisho wakasema khalas, basi waache."



Nitapika pilau. Waje majirani wote waione picha, hata Mama Zuhura, Ijumaa baada ya swala.