Jani la Sale Kwenye Nyumba ya Picha

Nkoaranga, Arusha

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya mlima huu inanitesa. Mama anaendeleaje na miguu yake? Barua zangu za nyuma hukuzijibu. Pale stesheni ya Tabora uliniambia nikipanda treni nisikuite kaka tena. Nilipanda, na bado nakuita, maana sijui nikuite nani mwingine.

Kabla sijaondoka ulicheka sana uliposikia kazi yangu itakuwa kulinda picha. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la kahawa la Mgiriki mmoja. Alipofariki, mjane wake, Bibi Eleni, akaipaka chokaa na kutundika picha za wachoraji wa siku hizi, kutoka Uganda, Kongo, Bombay na kwao Ulaya. Nyingine sizielewi hata kidogo. Ipo ya ng'ombe wa buluu mwenye macho yote mawili upande mmoja!

Shida ilianza Bibi alipopanua njia ya magari, akang'oa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wameru hupanda mipakani. Jirani yetu, Mzee Anaeli, akakasirika, akaziba njia kwa miiba. Makasha ya picha yaliyotoka Nairobi yakakwama barabarani. Bibi akasema maonyesho yasipofunguliwa atauza nyumba arudi kwao. Niliogopa, kaka. Ningekuja kusimama mbele yako na nini?

Mwishowe Bibi akaandika kadi ya kumwalika huyo mzee, akanituma mimi. Niliona haya kumpelekea mtu mzima karatasi tupu, nikaokota jani la sale kwenye lundo la yale yaliyong'olewa, nikaifunga kadi nalo. Kwangu lilikuwa pambo tu.

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Kadi hakuifungua.

"Bibi ndiye aliyekutuma na sale?"

"Ndiye, mzee."

"Basi yamekwisha, mwanangu. Ukiletewa sale hukatai, hata kama umeumizwa vipi. Mwambie aje tupande mpaka upya."

Mtu wa Tabora ningejuaje kwamba huku jani hilo ndilo la kuombea msamaha? Nilimweleza Bibi kila kitu. Akaona aibu, akaenda kupanda masale kwa mikono yake mwenyewe, matope hadi magotini. Miiba ikaondolewa siku hiyo hiyo.

Siku ya ufunguzi Mzee Anaeli alisimama mbele ya yule ng'ombe wa buluu, akatikisa kichwa. "Huyu hajapewa migomba," akasema, maana ng'ombe wa huku hulishwa migomba. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

Kwa hiyo kazi ninayo, na njia iko wazi. Lakini kila nikipita kwenye ule mpaka nakukumbuka wewe, na moyo unaniuma.

Nisalimie Mama, shemeji na watoto, mjomba wetu mshona viatu, na shangazi wa maandazi. Mwambie huku sijapata yanayofanana na yake.

Ndani ya bahasha utakuta jani la sale. Litafika limekauka. Hili hakunituma mtu, kaka, na maana yake sasa naijua.

Mdogo wako,
Saidi