Sala ya Kalume

Mnarani, Kilifi
Mwezi wa Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na lile goti limepunguza usumbufu tangu uanze kulikanda kwa mafuta ya nazi. Mbuzi wanaendeleaje? Yule mweusi anayetafuna kanga zilizoanikwa bado yupo, au ameshakuwa mchuzi? Sisi huku hatujambo. Baba Jedida anakusalimu sana, na Jedida mwenyewe, anayekuletea barua hii, ameagizwa alale kwako na asikuchoshe kwa maswali.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu ninayo. Nimejaribu kupiga, Mama. Kila ukiitika nasahau nilichotaka kusema, tunaishia kuzungumzia mbuzi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukimbia.

Habari yenyewe ni ya klabu ya raga aliyoichezea marehemu kaka Kambi. Najua haitajwi nyumbani kwako, lakini nakuomba uendelee kusoma. Siku tuliyomzika ulisimama kaburini ukasema mtu yeyote wa mpira ule asikanyage tena uani kwako. Kalume, ambaye ndiye aliyemwangusha Kambi mazoezini siku ile shingo ilipovunjika, alikuwa nyuma ya watu na alisikia yote. Daktari alisema ilikuwa ajali. Hakuna aliyekulaumu kwa maneno yako, maana ajali au si ajali, mwanao hakurudi.

Klabu hiyo ina shirika la hisani. Wachezaji huwalimia wazee na wajane mashamba kabla ya masika, na hufundisha watoto wa shule kucheza bila kuumizana. Wanaolisimamia ni wadhamini, na mimi, Mama, ni mmoja wao. Niliombwa kwa sababu ya Kambi, nikakubali kwa sababu ya Kambi, nikakuficha kwa sababu yako. Mwenyekiti wetu ni Mzee Uthman wa Takaungu, mwenye mashamba ya minazi, mtu mpole asiyejua hata sheria moja ya raga lakini hakosi mechi. Yupo pia Bi Zipporah, nesi mstaafu, ambaye akivua miwani sote tunanyamaza.

Sasa nikwambie. Wale vijana wanaokuja kukulimia kila mwaka, unaowapikia sima na mboga ya mchunga kwa nazi, si vijana wa kanisa. Ni wenzake Kambi.

Walianza mwaka ule ule wa msiba. Mvua ilikuwa karibu, na mkulima wako tulikuwa tumemzika. Wakaja kwako Ganda na majembe yao, bila jezi, wakiomba Mungu wakukute umeenda sokoni. Hukwenda. Ulipouliza wametumwa na nani, Kalume aliingiwa na hofu akasema wametumwa na kanisa, na yeye anaitwa Samson. Ukamwambia, vizuri, basi kijana wa kanisa atuombee chakula. Maskini Kalume alijua sala moja tu, ile ya shule ya msingi, akaanza kubariki sima akamalizia kwa kuwaombea watahiniwa wa darasa la nane. Wenzake wanasema uliitika amina bila hata kutabasamu. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya safari ya Ganda, Bi Zipporah humkalisha chini akamfundisha sala ya maana.

Lakini huyo huyo Bi Zipporah ndiye aliyevua miwani katika mkutano wetu wa juzi, tulipokuwa tunapanga mashamba ya mwaka huu. Alisema amechoka kumfundisha mtu mzima sala ya kumdanganyia mjane. Wewe uliwakataza watu hawa, na tunapoingia kwako kwa jina lingine tunakunyang'anya neno lako. Alisema uambiwe, au tuache kuja. Mzee Uthman akakubaliana naye. Alisema miaka yote hii tumekuwa tukiingia kwa Mama Kambi bila kupiga hodi, na hilo kwao Takaungu ni aibu.

Wadhamini tuna desturi moja: jambo likigusa nasaba ya mmoja wetu, huyo hutoka nje ili wengine wazungumze bila kumwonea haya. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba kando ya kiwanja. Nililia, Mama. Niliogopa kwamba wataamua kuacha, nikakuona umekaa kizingitini, chungu kiko motoni, unatazama njia na hakuna anayekuja. Nikaogopa pia kwamba wataamua uambiwe, kwa sababu nakujua.

Nilimwona Kalume akiitwa ndani. Baadaye nikasikia kicheko, na kilikuwa cha Bi Zipporah, ambaye hacheki ovyo. Nikaitwa.

Mzee Uthman alimwomba Kalume arudie mbele yangu. Jitu lile lote, Mama, linajaza mlango, lilikuwa linatazama vidole vya miguu yake. Akasema mwaka jana, walipokuwa wananawa mikono waondoke, ulimshika mkono wa shati ukamwambia polepole, wengine wasisikie: "Kalume, sala yako sasa imenyooka."

Amekaa na maneno hayo mwaka mzima. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kwamba wadhamini tukijua tutamkataza kuja kwako, na yeye, alisema, hana mahali pengine pa kwenda akamkuta Kambi.

Mama, kumbe ulijua. Sijui tangu lini, labda tangu ile sala ya watahiniwa. Sisi tulijificha na wewe ukatuacha tujifiche, ukampakulia sima mtu ambaye mimi mwenyewe, dada yake Kambi, nilichukua miaka kuweza kumtazama usoni. Nakupenda sana, na sikuwahi kukwambia vya kutosha.

Uamuzi wa wadhamini ni huu. Jumamosi vijana watakuja wamevaa jezi, wasimame penye mpaka wa shamba, wapige hodi. Usipoitika watageuka warudi, hakuna atakayekununia, na mimi nitakutafutia wakulima wengine. Tena kiti kimoja cha udhamini kiko wazi, na Mzee Uthman anasema ni chako ukikitaka, kwa sababu sisi sote tunaamua mambo ya wachezaji na hakuna kati yetu aliyewahi kumpoteza mmoja aliyemzaa. Nimewaambia utacheka. Cheka kwanza, halafu ufikirie.

Nisalimie majirani wote wa Ganda, na yule mbuzi mweusi umwambie kanga ya Jedida ni mpya. Mungu akulinde.

Na Jumamosi, Mama, ukisikia hodi, tazama nyuma kabisa ya wenzake. Atakuwa amejificha pale, kama siku ile kaburini. Ukimkaribisha, mwite kwa jina lake, kwa sauti, wote wasikie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kahaso