Nyumba ya Vyumba Vitatu, Kitwe

Tata mpenzi,

Mimi binti yako Kapinga nakusalimu kutoka Kitwe, wewe na Mama. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, bado anawahi misa ya kwanza na kukulaumu kwa kuchelewa? Sisi wawili ni wazima. Mume wangu Mulenga anakohoa kidogo kwa vumbi la chaki pale shuleni, lakini anakula vizuri.

Habari kubwa ni kwamba tunanunua nyumba. Usicheke. Benki inatukopesha, nasi tutalipa polepole mpaka tuote mvi. Jumanne tulikwenda kwa mshauri wao, mama mmoja mpole mwenye miwani, akatueleza yote kwa Kibemba. Alipouliza kama nina swali, nikamuuliza wapaka chokaa hupita mwezi gani, na ruhusa ya kupigilia msumari ukutani inaombwa kwa nani. Akaweka kalamu chini. Mulenga akatazama viatu vyake.

Ningejuaje, Tata? Nimezaliwa huko kwenu ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Kapata, ndani ya nyumba ya kampuni ya mgodi. Kila kiangazi wapaka chokaa walikuja, Mama akatoa vyungu nje na kuwagombeza kwa matone sakafuni. Taa ikiungua, kampuni ilileta nyingine. Wewe ulikataa hata kutundika picha ya harusi yenu, ukisema ukuta una mwenyewe. Nakumbuka nikitoka shuleni na kukuta nyumba nyeupe, inanukia chokaa mbichi, na king'ora cha zamu kinakuita kazini. Nimepakumbuka mno nyumbani.

Yule mama alicheka kidogo, kisha akasema nyumba itakuwa yetu, na chokaa ni juu yetu, hata taa. Benki itashika hati tu hadi tumalize kulipa. Nikamuuliza, mume wangu akiachishwa kazi, tutatolewa siku hiyo hiyo? Akasema hapana, mtakuja hapa tuongee. Nikalia mbele yake, maana nilikuwa nakuwaza wewe.

Dereva wa lori aliyeniletea barua yenu alikuwa ameshanieleza yale ambayo hukuyaandika. Kwamba mishahara haitoki. Kwamba vijana wanaotuita sisi wenye asili ya Kasai bilulu, wadudu, wamewatoa wenzetu majumbani huko mtaa wa Musonoi, na sasa wenzetu hao wamekaa kituoni juu ya magodoro yao wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Alipokushauri uondoke, ulimjibu: "Mi nilizalikiwaka huku. Kasai siyafikaka hata siku moya. Ntaenda kwa nani?"

Kwangu, Tata.

Mshauri alitusihi tuchukue nyumba ya vyumba viwili, ndiyo inayolingana na mshahara wa mwalimu. Alisema kweli. Lakini fomu iliuliza ni watu wangapi watakaoishi humo, na Mulenga akaandika wanne bila hata kunitazama. Wametukubalia vyumba vitatu. Nimeanza kushona nguo za majirani ili tuweze kulipa.

Nisalimie shangazi anayeuza mikate Dilala, na jirani yetu katekista. Mwambie nyimbo zake naziimba jikoni.

Tata, ulinilea nisiseme uongo. Kwenye karatasi ya benki tumeandika wanne. Njooni.

Binti yenu,
Kapinga