Kiti cha Nyuma cha Sodifishi

Jumanne, 8 Novemba 1955, Thika

Ndugu yangu Kisilu alipotea baharini, nje ya Mombasa, Agosti 1942. Hakutoroka kazi. Alipotea! Nilikuwepo. Tulikuwa vibarua wa uwanja wa ndege wa jeshi la majini. Ndege za Sodifishi zilishuka kutoka meli kubwa ya kubeba ndege. Sisi tukikunjua mabawa, tukisukuma topido, kombora la kuzamisha meli, chini ya tumbo. Siku ile ndege ilikuwa ya kujaribiwa tu. Mifuko ya mchanga ya kuweka uzito nyuma haikuonekana. Bwana Tarrant, rubani, akamwambia Kisilu apande. Uzito wake ratili 140. Mchanga wenye miguu!

Ndege ikaanguka. Tarrant akaokolewa, akaapa alikuwa peke yake. Kisilu akaitwa mtoro.

Leo pasta amekataa kumfungisha ndoa Ndunge, mke wa Kisilu. Arusi yake na Nzau ni Jumamosi alasiri. Ati mume mtoro ni mume hai. Neno langu halitoshi, mimi ni ndugu. Anataka la Tarrant mwenyewe.

Ndunge kaniambia: shemeji, mashine zote za Ruiru unaziweza, hii moja, mdomo wa Tarrant, imekushinda.

Alhamisi, 10 Novemba

Ruiru, shambani kwa Tarrant, siku hizi mkulima wa kahawa. Mashine ya kumenya kahawa imekwama, nimeitwa mimi fundi. Yeye na wageni wake wanasimulia vita: Sodifishi, mabawa ya kitambaa, na bado topido zake zikazamisha meli za chuma! Wanacheka. Shujaa. Hata sura yangu haikumbuki.

Wageni walipoingia ndani nikamuuliza: Kisilu alipanda, hakupanda? Akasema kukagua kiti cha nyuma hakukuwa kazi yake.

Sikuuliza kazi ya nani!

Nimefungua diski ya shaba, ile inayomenya kahawa, nimekuja nayo Thika. Imepinda kweli. Kazi ya saa moja.

Ijumaa, 11 Novemba

Diski imenyooka tangu jana. Iko chini ya benchi.

Gerishon, nyapara wake, kaja na baiskeli, jasho tupu. Asema debe 380 za kahawa zimechumwa, zinaanza kunuka. Fundi mzima, kumbe mwizi? Bwana ataita polisi. Na siku hizi za Emajensi, hali ya hatari ya Mau Mau, mtu anafungwa kwa kukohoa. Najua.

Nimemtuma kwa Bwana na neno moja. Diski atapewa bure, hata senti sitaki. Aje kwa pasta kesho, aseme.

Ndunge anapiga pasi gauni la arusi.

Land Rover imesimama nje. Injini haijazimwa. Yake, au ya polisi? Vyovyote. Swali ni lile lile, Tarrant: ndugu yangu alikuwa kwenye kiti cha nyuma, ndiyo au hapana? Kesho, kwa pasta, saa nne asubuhi, kabla ya arusi. Si saa nne na nusu!