Neno la Bibi Rosa

Kihonda, 3 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Vipi hali yako na yale mafua? Sisi huku wazima, kama huu nao ni uzima.

Nisamehe kwa simu ya Jumatatu. Niliposema "subiri hapohapo" nilikuwa nakwenda kuzima jiko tu. Nasikia ulisimama kwenye matuta ya kabichi mpaka jioni. Mjomba, mmenifanya nini? Tangu tumzike Bibi Rosa, kila ninalomwambia mtu analitenda. Mteja nilimwambia "kaa", akakaa mpaka nafunga cherehani. Mume wangu Wilfred nilimtania, "Nyoa hizo ndevu," akainuka na tonge mdomoni kutafuta wembe. Nimechoka kutazamwa na watu wanaongoja niseme.

Mwajuma anakuja huko kununua kabichi, atakupa barua hii. Jibu kwa mkono wake.

Mpwa wako,
Witness

Mlimani, 10 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mafua yamepona. Miguu ndiyo inauma, na sababu unaijua.

Umefanya vizuri kuandika. Simu usinipigie tena. Kwenye karatasi neno halina nguvu: umeniandikia nikusamehe, na sijakusamehe.

Hilo ni neno la ukoo wetu. Linapita kwa wanawake. Mama yako alishatangulia, kwa hiyo Bibi alipokufa likashukia kwako. Hukuulizwa, na yeye hakuulizwa. Unadhani kwa nini alikuwa mkimya vile? Nyie wa mjini mlisema anaringa.

Kulalamika utalalamika baadaye. Jirani yetu Emmanuel ameugeuza mfereji, maji yote yanaingia shambani kwake. Kaya kumi na moja kabichi zinanyauka. Bibi akiwa hai asingethubutu. Panda uje umwambie maneno mawili tu, "Fungua maji," halafu urudi kwenye cherehani yako.

Mjomba wako,
Mikaeli

Kihonda, 24 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nikisema sijambo nitakuwa naongopa.

Siji. Wilfred ameondoka. Nilimwambia nataka kupanda huko, akasema, "Ndugu zako wakikohoa tu, wewe unafunga safari." Nikapandwa na hasira. Nikasema, "Nenda zako, usirudi!"

Mke gani hapa Kihonda hajawahi kusema hivyo? Waume zao wanakwenda kunywa soda dukani, wanarudi. Wangu aliweka kijiko chini, akatoka na kandambili zake. Simu kaiacha mezani. Leo ni siku ya tisa. Dereva mmoja wa lori kamwona Gairo sokoni, anabeba magunia ya karanga.

Ungenionya mapema! Hata pale msibani! Sasa linaondokaje?

Mpwa wako,
Witness

Mlimani, 31 Agosti 2024

Witness,

Marahaba, na pole. Ningekwambia msibani ungenicheka. Mimi neno sikupewa, nimepewa kazi ya kulieleza, na hakuna anayenisikiliza.

Neno linaondolewa na neno lingine. Nenda Gairo, mwambie "rudi", atarudi. Ni kazi ya dakika moja, sioni unacholilia. Ukishampata pandeni wote huku. Kaya zimefika kumi na nne. Jana Emmanuel kanipita njiani anapiga mluzi. Mluzi, Witness!

Mjomba wako,
Mikaeli

Gairo, 9 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na ukame. Mimi nimelala Gairo siku ya tatu, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilimkuta Wilfred na gunia mgongoni. Amekonda. Nikasema, "Rudi nyumbani." Akageuka papo hapo, na gunia lake, akaanza kuifuata barabara ya Morogoro. Hakunisalimia. Nilimkimbilia nikamtazama usoni: macho yalikuwa wazi, lakini yeye hakuwemo. Mjomba, mtu wa namna ile ningeishi naye vipi?

Nikamwambia, "Wilfred, fanya unavyotaka mwenyewe."

Akasimama. Akashusha gunia taratibu. Halafu akanitukana. Akanitukana mbele ya wauza karanga wote, mimi, ndugu zangu, na wewe hukusahaulika, mpaka sauti ikamkauka. Nililia kwa furaha, wale akina mama wakadhani nimechanganyikiwa. Anasema atamaliza kazi ya wiki hii, ndipo aamue kama anarudi Kihonda. Nangoja. Sitamwambia lolote.

Kuhusu Emmanuel, nitakuja, lakini neno sitalitumia. Kusanyeni kaya zote kumi na nne, twende kwa mwenyekiti wa kijiji. Nitakaa nyuma na wanawake wengine. Akikataa, tutarudi kesho yake, na keshokutwa. Najua utasema kabichi hazingoji. Hata mimi najua.

Leo asubuhi nilimpelekea Wilfred chai pale magodauni. Nikamwuliza kama atakunywa.

Akasema hataki.

Mpwa wako,
Witness