Kiti cha Kushoto

Ipogolo, Iringa

Kwako dada yangu mpendwa Matilda,

Bwana asifiwe. Barua hii ikukute na nguvu, wewe na shemeji Rabson na watoto, na kile kifua cha mama kiwe kimepata nafuu. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Mashine ya kukoboa inafanya kazi, mpunga wa Madibira unaingia, na Eliezeri anakusalimu sana. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yangu huishika yeye kama mimi ninavyoishika yake, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema huku naangalia mlango. Barua nimempa jirani yetu Faustina, anakuja huko kwenye kipaimara.

Picha zetu za mbio za magari umeziona. Eliezeri anaendesha, mimi nakaa kushoto nikimsomea njia: kona kali kulia, daraja, shimo, punguza. Mwaka jana tulipobiringika kule Mafinga, gari lililalia upande wangu. Watu wakasema sauti yangu ndiyo iliyomwokoa mume wangu. Mchungaji alituita mbele tuwe mfano wa wanandoa wanaosafiri pamoja, na majina yetu yamebandikwa kwenye milango ya gari. Mama mkwe huwaambia wageni kwamba mwanawe akiwa barabarani yeye hulala usingizi, kwa kuwa mimi nipo. Nikijaribu kusema nimechoka, wote wanacheka kwa upendo. Hakuna anayenitukana, dada. Laiti wangenitukana, ningepata pa kuanzia.

Katika mbio hizo kazi moja tu naifanya peke yangu, nayo ni kupasha giaboksi moto kabla ya kuanza. Injini hupata moto hata gari likiwa limesimama, lakini oili ya giaboksi hubaki nzito mpaka gari litembee. Ukilazimisha gia ya pili ingali baridi, meno yanasagana. Kwa hiyo naliwasha, naliacha lingurume kidogo, kisha natoka taratibu. Naingiza moja, naingiza mbili kwa vidole bila nguvu, tatu, narudi mbili. Mwanzoni mkono wa gia unagoma, halafu unalegea kidogo kidogo hadi unaingia wenyewe. Eliezeri hana subira hiyo, na fundi Aroni hataki mtu mwingine aifanye ila mimi.

Jumamosi iliyopita mbio zilianzia karibu na kwetu. Nikalitoa gari kama kawaida kwenye barabara ya mashambani. Gia ikalainika, ikawa saa ya kurudi, nikashindwa kugeuza. Sikuwa na mpango wa kukimbia. Nilisimama tu pembeni ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, kwa sababu nilijua nikifika uwanjani nitahamia kushoto.

Eliezeri akanifuata kwa bodaboda, ovaroli limefungwa hadi shingoni. Hakufoka. Aliinama dirishani akauliza gari lina nini.

Nikamwambia, "Gari ni zima. Mimi ndiye siwezi. Siwezi kukaa pale tena."

Akakitazama kile kiti cha kushoto, akanitazama nilivyoushika usukani, kisha akacheka kama mtu aliyetegua kitendawili. "Kumbe unataka kuendesha. Si ungesema siku zote hizo?"

Nilikuwa nimeomba kushuka, nikapewa usukani. Waandaaji walikubali, kwa kuwa sote tuna leseni za mbio. Kina mama wakapiga vigelegele. Ningesema nini mbele ya vigelegele?

Basi nikaendesha, yeye akasoma. Baada ya kilima cha kwanza alianza kuruka mistari ya daftari la njia. Mkono mmoja aliuegemeza kwenye dashibodi. Tulipokaribia daraja akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Damari, polepole, nakuomba." Hatukushinda chochote. Alishuka akatapika nyuma ya gari, nami nikasimama nikamkinga watu wasimwone.

Jioni, tukiwa wawili, akaniuliza, "Hivi wewe ulikuwa unakaaje pale?" Dada, moyo wangu ukafunguka. Nikamweleza yote: Mafinga, ndoto ninazoota, jinsi mguu wangu unavyokanyaga breki ambayo haipo. Alinisikiliza, amenishika mkono, machozi yanamlengalenga. Nikadhani tumefika.

Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mimi pale sirudi tena, mke wangu. Mbio za Mbeya nitaendesha mimi, wewe usome. Wewe umeshazoea." Halafu akauliza kama ovaroli lake limekauka.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Nimekueleza kwamba aliniomba polepole. Sijakueleza nilifanya nini. Nilikanyaga mafuta. Nilikusudia, nikitaka aogope kama mimi nilivyoogopa, na gurudumu la nyuma liligusa ukingo wa daraja. Alipokuwa akitapika, moyoni nilifurahi. Kiti cha kushoto kinanimaliza kwa hofu, na cha kulia nimeona kinanigeuza nani. Ndani ya lile gari hakuna kiti changu.

Mwezi ujao tutafikia kwako kwa ajili ya hizo mbio za Mbeya. Asubuhi hiyo nitapasha giaboksi, nitalirudisha gari, nitamkabidhi funguo mbele ya watu wote, kisha nitakuja kusimama ulipo wewe kati ya watazamaji. Atanifuata kwa maneno mazuri, na watu watacheka kwa upendo. Ukiniona nainua mguu kumfuata, nishike, dada, na usiniachie hata nikikuambia uniachie.

Mama usimwambie bado. Atasema nimwombe Mungu, nami nimeshaomba. Nisalimie watoto na majirani wote wa hapo Uyole. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Damari