Swali Uliloliacha Kwenye Kundi

Mchombe

Mjukuu wangu Dativa, mke mwenzangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea. Huku mpunga umetoa masuke na ndege ni wengi. Mdogo wako Wilhelmina tunakaa naye dunguni kufukuza ndege, lakini yeye hawafukuzi. Wanakula anawatazama.

Msimu uliopita, hapahapa dunguni, alinisomea ulichowaandikia kina mama kwenye kundi la simu: “Jamani, chanjo ya surua ni salama kweli?” Mkabishana wiki nzima. Akaniambia, “Bibi, kama dada msomi anasita, mimi ni nani?” Siku ya kliniki ikatupita tukiamia ndege. Kisha surua ikamchukua mwanawe Bryson.

Kuuliza si kosa, mtoto ni wako. Lakini juzi unaniambia wa kwako ulimchanja, nesi alipokueleza ukaridhika. Mbona hukurudi kundini kusema? Usomi gani huo?

Kitenge ulichonitumia sikitaki. Rudi kundini useme. Halafu uje umwambie Wilhelmina mwenyewe, maana hajui kuwa wako alichanjwa. Mimi kila nikifungua mdomo nimwambie, naishia kufukuza ndege.

Ni mimi bibi yako,
Siwema